Midway kwenye miwani: mkalisheni mtazamaji kiti cha nyuma

Mhariri,

Kwenye maonyesho ya teknolojia na sikukuu za shule siku hizi hakosekani mtu mwenye meza, kompyuta inayovuma na miwani ya uhalisia pepe, akiwaita vijana waje "wapigane Midway". Kijana huvishwa miwani, hushikishwa fimbo ya rubani, na baada ya dakika nne huivua akijigamba kazamisha meli tatu. Kama ni mchezo, hatuna neno. Lakini mwenye meza akishasema kwamba hiyo ndiyo historia, na mwalimu akaleta darasa zima kwa kuamini hivyo, yapo ya kusemwa. Letu ni moja: anayetaka mtu avione vita vile amkalishe kiti cha nyuma cha ndege, si cha mbele. Yanayofuata, ya mashine na ya mwaka 1942, yote yanazunguka hapo.

Kwa asiyekumbuka: Midway ni visiwa vidogo ndani ya duara la matumbawe, kaskazini-magharibi ya Hawaii. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1942 manowari nne za Japani za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Sōryū na Hiryū, chini ya Admirali Chūichi Nagumo, zilirusha ndege 108 kwenda kuvipiga. Nagumo hakujua kwamba Wamarekani walikuwa wamezisoma simu za siri za Japani, yaani jumbe zake za redio, na kwamba manowari zao za kubeba ndege, Enterprise, Hornet na Yorktown, zilikuwa zikimvizia kaskazini-mashariki. Kati ya ndege za manowari hizo tatu, zile za topido, yaani bomu linalokwenda ndani ya maji, 41 kwa jumla, ndizo zilizotangulia kumfikia, zikiruka chini na taratibu, na zikaangamia: kikosi cha Hornet kilipoteza ndege zake zote 15, na katika watu 30 akasalimika mmoja. Hakuna topido yao hata moja iliyopata. Kisha, mnamo saa 4:22 asubuhi, ndege za mbizi aina ya Dauntless, zile zinazoinamisha pua na kushuka na bomu juu ya shabaha, zikatokea juu, na kwa muda wa dakika tano sita Kaga, Akagi na Sōryū zikawa zinaungua. Hiryū ikalipiza kwa kuijeruhi Yorktown, nayo ikapigwa siku hiyo hiyo mnamo saa 11 jioni.

Dauntless ilikuwa ndege ya watu wawili. Mbele alikaa rubani. Nyuma yake, wakipeana mgongo, alikaa mpiga bunduki ambaye ndiye pia mtu wa redio, na mkononi mwake bunduki pacha za kuzuia ndege za adui zisiwakamate kwa nyuma. Pua ya ndege inapoinama digrii 70, rubani anaiona sitaha ya meli ikikua. Mwenzake amelala chali, macho juu, anaona anga na ndege za wenzao zikiwafuata moja baada ya nyingine. Meli haioni kabisa. Rubani akishaachia bomu na kuinua pua, mambo yanageuka: wa mbele anatafuta njia ya kutokea, chini kabisa juu ya maji, na wa nyuma ndiye sasa anayeitazama meli wanayoikimbia. Bomu limeangukia wapi, moshi umetoka upande gani, aliyeona ni yeye. Shahidi wa vita vile ni huyo.

Kiti cha mbele kina tatizo ambalo wauza michezo hawalitaji: kazi yake haifundishiki kwa dakika kumi. Rubani alianza mbizi akiwa mita 4,500 hadi 6,000 juu. Alifungua kioo cha juu, akapunguza mwendo, akafungua breki za mbizi, yaani yale mabapa yenye matundu kwenye ukingo wa nyuma wa mbawa. Breki hizo ziliizuia ndege isipite sana kilomita 450 kwa saa. Kutoka mita 4,500 hadi mita 600, mahali pa kuachia bomu, ni sekunde kama 35. Ndani ya sekunde hizo alitakiwa aishike ndege isiteleze ubavu, maana ikiteleza, bomu nalo linatoka na mtelezo huo huo. Alitakiwa aifuate meli kwa jicho moja kwenye darubini ya kulengea. Na alitakiwa akumbuke kwamba kipimo cha mwinuko huchelewa ndege inaposhuka kwa kasi; kikionyesha mita 700, yeye keshapita hapo.

Tena meli haikumngoja. Kwa mwendo wa maili 30 za baharini kwa saa inasogea mita 15 na ushei kila sekunde, kwa hiyo katika mbizi nzima imekwenda zaidi ya nusu kilomita, zaidi ya mara mbili ya urefu wa Kaga uliokuwa mita 248. Hata bomu likishaachiwa huchukua sekunde nne hivi kufika, na katika hizo peke yake meli imesogea mita 60. Mgeni hulenga pale meli ilipo. Bomu lake huangukia nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, kila mara.

Ili mteja asikate tamaa, watengenezaji wa programu hupunguza mwendo wa meli, au huipanua shabaha kimya kimya, au huweka duara jekundu la kumwambia lini abonyeze. Hapo kijana anatoka akiamini kwamba vita vile vilikuwa vya wepesi wa kidole. Ukweli una mambo ambayo mchezo hauyawezi. Max Leslie, aliyeongoza ndege 17 za mbizi kutoka Yorktown, alilipoteza bomu lake njiani, na wenzake watatu vilevile, kwa sababu swichi mpya za umeme za kuandaa bomu ziliyaachia mabomu baharini. Akaongoza mbizi juu ya Sōryū akiwa na bunduki peke yake. Ni nani atakayelipa kiingilio apewe ndege isiyo na bomu? Lakini aliyeketi kiti cha nyuma anaweza kuwekwa katika ndege hiyo hiyo, na asione kwamba amepunjwa.

Ipo sababu nyingine, ya macho. Miwani ya kawaida inayojitegemea bila kompyuta hutoa pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 20 hadi 25 kwa kila digrii moja ya upeo. Jicho zima hutofautisha kama 60. Pigeni hesabu. Zero, ndege ya Kijapani ya kupigana na ndege, ina upana wa mita 12. Ikiwa kilomita tatu mbali, kwenye miwani ni pikseli tano. Kaga ikiwa kilomita 30, tena imeonyesha ubavu wote, ni pikseli kumi. Kile kina kinachotokana na macho mawili, ambacho ndicho watu wanachokilipia, nacho kina mpaka wake: kupita mita 70 hadi 90 tofauti ya picha ya jicho la kushoto na la kulia haifiki hata pikseli moja. Maana yake manowari iliyo mita 4,000 chini yako ni bapa, sawa na ya televisheni. Miwani inatenda miujiza yake karibu: kwenye mtutu wa bunduki, kwenye mkanda wa risasi, kwenye mkia wa ndege yako, kwenye ndege ya jirani iliyo mita 30 pembeni na mwenzako anakupungia mkono. Vitu hivyo vyote vimo mbele ya macho ya mtu wa nyuma. Rubani anayo injini na bahari ya mbali.

Basi msimamizi wa onyesho achague programu, au aagize itengenezwe, kwa kuanzia kwenye kungoja. Wade McClusky, aliyeongoza ndege za mbizi za Enterprise, alifika mahali alipotarajia kuwakuta Wajapani mnamo saa 3:20 akakuta maji matupu. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Aliendelea kutafuta, na mnamo saa 3:55 akaona chini mstari mrefu mweupe wa povu: meli ndogo ya kivita iitwayo Arashi, iliyobaki nyuma kuisumbua nyambizi ya Kimarekani Nautilus, sasa inakimbia kuwafuata wenzake. Akaifuata njia yake. Nusu saa baadaye alikuwa juu ya Kaga na Akagi. Programu nyingi huiruka hiyo saa nzima na kuanza kwenye mbizi, eti mtazamaji atachoka. Kwa kipindi cha dakika 12 sisi tungetenga nne kamili kwa bahari tupu, kipimo cha mafuta kikishuka, na sauti ya injini. Asipochoka kidogo hapo hataelewa kwa nini ndege kadhaa za Enterprise ziliishia majini wakati wa kurudi. Na kwa sababu ya zile pikseli tulizozihesabu, povu la Arashi lichorwe jeupe zaidi na refu zaidi kuliko kawaida. Huo si uongo. Ni kumrudishia mtazamaji jicho ambalo miwani imempunguzia. Uongo ni kuandika jina la meli na umbali wake hewani kwa herufi za kijani, kama wanavyofanya wengi.

Mbizi yenyewe ichukue sekunde zile zile 35, isiharakishwe wala isicheleweshwe. Wakati huo mtu wa nyuma asipewe ndege za kupiga. Saa 4:22 Zero nyingi zilikuwa chini, zimeshughulika na ndege za topido, na waliotoka juu hawakukuta wa kuwazuia. Zero ziliwashukia walipokuwa wanatoka. McClusky mwenyewe alijeruhiwa hapo. Kwa hiyo bunduki ya mgeni iwe kimya mbizi nzima, ndipo ipate kazi baada ya bomu, ndege ikiwa mita chache juu ya maji.

Sasa gharama ya kiti cha nyuma, nayo hatuifichi: kinachafua moyo kuliko kiti cha mbele. Anayeendesha hutarajia kila kona kwa sababu ndiye aliyeikata. Abiria hushtukizwa, na abiria aliyegeuzwa mgongo hushtukizwa mara mbili, kama anayesafiri kwenye matatu akitazama nyuma. Macho yanasema tunaanguka, sikio la ndani linasema tumekaa, na tumbo ndilo linaloamua. Yapo ya kufanya, na yakifanywa vizuri wengi wanamaliza kipindi salama.

La kwanza ni kasi ya picha. Miwani ionyeshe picha 90 kwa sekunde, au 72 kwa uchache kabisa. Kwa 90 kompyuta ina milisekunde 11 tu za kuchora kila moja, na kuanzia kichwa kinapogeuka hadi picha inapobadilika zisipite milisekunde 20. Ikishindwa, bahari inaanza kutetemeka pembeni mwa macho, na hapo hata baharia hutapika. Bahari ya wazi ni mzigo mzito, kwa sababu mawimbi yanachorwa hadi upeo. Punguzeni kwanza mawingu, kisha mwangaza unaoakisiwa na maji, kisha vivuli. Ukali wa picha uguswe mwisho, maana ukiupunguza mapema ndege za mbali zinatoweka kabisa. Kosa tunaloliona kila mahali ni kinyume chake: fundi anaacha mawingu mazuri ya kupigia picha za matangazo, anapunguza ukali, halafu anashangaa wageni hawaoni kitu.

La pili ni fremu ya chumba cha ndege. Vyuma vya kioo, ukingo wa kiti na bunduki vibaki imara machoni wakati dunia nje inazunguka. Ndivyo ubongo unavyopata cha kushika. Programu inayoficha ndege na kumwacha mtu aelee hewani itawaangusha watu. Pia kuna tabia ya kuitikisa picha bomu linapolipuka au ndege inapoinuka. Izimeni. Rubani wa kweli alipoinua pua alibanwa na uzito mara tano hivi ya wake, mtu wa kilo 70 akawa wa kilo 350 kwa sekunde chache, na macho yakaingia giza. Kiti cha plastiki hakiwezi kuleta uzito huo. Giza jepesi la pembeni linatosha. Mtikisiko wa picha hauleti uzito, unaleta kichefuchefu. Mtikisiko wa injini uleteni kwa mwili: spika ya besi chini ya kiti cha mbao, sauti ndogo isiyokoma.

La tatu ni onyo. Rubani na mwenzake walizungumza kwa simu ya ndani ya ndege. Itumieni. Sauti ya rubani ikisema "tunaingia" sekunde tatu kabla pua haijainama humsaidia mgeni kuliko dawa, na tena ni ya kweli. Mnapohama kutoka onyesho moja hadi jingine, picha ifie gizani kwanza. Isikatwe ikiwa kwenye mwendo.

Kiti kiwe cha miguu minne, kisicho na magurudumu wala kuzunguka. Feni iwe mbele ya uso. Kabla ya kuanza, pimeni umbali wa mboni moja ya jicho hadi nyingine kwa rula ya milimita: wastani wa mtu mzima ni 63, watoto ni pungufu. Miwani nyingine ina hatua tatu tu, 58, 63 na 68. Nyingine ina gurudumu la kusogeza kidogo kidogo. Mkikosea kwa milimita tano picha inakuwa na ukungu, kichwa kinauma, na kwa programu zenye kipimo kibaya Kaga itaonekana ya mwanasesere. Mwenye miwani ya macho awekewe kile kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi, la sivyo lenzi zitakwaruzana, na mkwaruzo wa lenzi hautoki. Kisha mgeni akiwa ameegemea vizuri ndipo mbonyeze kitufe cha kurudisha picha katikati. Mkibonyeza akiwa ameinama, au programu ikidhani amesimama, kichwa chake kitatokeza juu ya kioo cha ndege, na malalamiko ya "mbona niko nje" hayataisha.

Msimamizi asimame karibu na amtazame mgeni, asitazame skrini. Miayo, kumeza mate mara kwa mara, jasho kwenye mdomo wa juu: avuliwe. Aliyekuwa anaongea akanyamaza ghafla, avuliwe kabla hajaomba. Asiambiwe avumilie, kwa sababu kichefuchefu kikishapanda hakishuki kwa kuvumilia, na kinaweza kumfuata saa nzima. Akitoka apumzike, na asipande pikipiki kuiendesha mpaka itimie nusu saa na kichwa kimetulia. Wenye kifafa wasivalishwe. Milipuko ya mwanga ni mingi. Watengenezaji wa miwani huweka umri wa chini kati ya miaka 10 na 13 kutegemea aina, na shule za msingi ziliangalie hilo kabla ya kuchangisha wazazi.

Kuna pia wale wanaonunua video ya digrii 360 wakidhani wamenunua kitu hicho hicho. Video hufuata kichwa kinapogeuka tu. Ukiinama au ukisogea pembeni kuchungulia nje ya ndege, dunia nzima inasogea pamoja nawe, na tumbo linajua. Inafaa kwa kuonyesha sitaha ikiwa imetulia, haifai kwa mbizi. Na isichezwe moja kwa moja kutoka intaneti: kwa megabiti 50 kwa sekunde, dakika moja inakula megabaiti 375, na robo saa inapita gigabaiti tano na nusu. Bando la simu halitafika Midway. Pakueni usiku uliotangulia.

Kwa sisi wa mwambao, maadui wa mashine ni jua na mvuke. Lenzi ikiangaliwa na jua, hata kwa muda mfupi dirishani, hukusanya miale na kuichoma skrini iliyo nyuma yake. Doa hilo ni la kudumu, kwa hiyo miwani ikivuliwa ilazwe lenzi chini au ifunikwe. Iliyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi ikaingia uani hushika ukungu mara moja. Iwasheni ikae dakika kumi ipate joto kabla ya mgeni wa kwanza. Marubani wa Dauntless walikuwa na tatizo hilo hilo: darubini zao za kulengea, zilizopozwa na baridi ya juu, zilishika ukungu ndege iliposhuka kwenye hewa ya joto na unyevu, na wengine wakaishia kulenga kwa kukisia. Sehemu inayogusa uso ifutwe kwa kitambaa chenye dawa kila baada ya mtu. Lenzi ziguswe kwa kitambaa kikavu laini peke yake, kwani spiriti huondoa utando wake. Betri ya miwani inayojitegemea haimalizi sana saa mbili, kwa hiyo wageni hamsini kwa miwani moja ni ndoto. Kompyuta ikitumika, iunganishwe na ruta kwa waya na miwani ipokee kwa mawimbi ya gigahezi 5, au waya wa USB wa mita tano upitishwe juu ya bega la mgeni ufungwe mgongoni mwa kiti.

Tubaki kidogo kwenye ukweli wa picha, maana mwalimu anaweza kuukagua bila kuwa fundi. Nyota kwenye ndege za Kimarekani iwe nyeupe tupu ndani ya duara la buluu. Kile kiini chekundu cha katikati kiliondolewa Mei 1942, mwezi mmoja kabla. Ndege za kupigana na ndege kutoka manowari za Wamarekani ziwe Wildcat; mkiona Hellcat, hiyo haikuwa imefika vitani. Mnara wa Akagi na wa Hiryū uko upande wa kushoto ukielekea omo, yaani mbele ya meli, wa Kaga na Sōryū uko kulia. Mchoraji mvivu hunakili meli moja mara nne.

Lakini kosa kubwa liko kwenye sitaha. Karibu kila mchezo huonyesha sitaha za Wajapani zimesheheni ndege za mabomu, injini zinaunguruma, zimebakiza dakika tano ziruke. Hadithi hiyo ilienezwa na Mitsuo Fuchida, rubani mkongwe aliyekuwa Akagi siku ile akiuguza upasuaji wa kidole tumbo, na watu waliiamini kwa miongo. Waliochambua kumbukumbu za meli za Kijapani wameonyesha vingine. Asubuhi nzima sitaha zilishughulishwa na Zero za ulinzi kupaa na kutua. Kwa nini? Kwa sababu kila mzinga wa milimita 20 wa Zero ile ulikuwa na risasi 60 tu, ambazo kwa kufyatua mfululizo huisha kwa sekunde saba hivi. Ndege inayopigana na kundi baada ya kundi la topido lazima itue ijazwe. Na sitaha inayotua ndege haiwezi kupanga ndege za mabomu. Hizo zilikuwa bado chini, kwenye mabanda yaliyozibwa, pamoja na mafuta, topido na mabomu ambayo hayakuwa yamerudishwa ghalani baada ya Nagumo kubadilisha amri ya silaha za kufungwa kwenye ndege. Ndiyo maana Akagi ilikufa kwa bomu moja la kilo 450 lililopenya hadi huko. Ndiyo maana kwenye Kaga walikufa zaidi ya watu 800, wengi wao mafundi waliokuwa tumboni mwa meli. Programu inayochora sitaha zimejaa inafuta kazi ya wale watu wa topido, ambao mashambulizi yao ndiyo yaliyoziba nafasi ya Nagumo kupanga chochote. Na mchezo unaompa mchezaji wa upande wa Japani risasi zisizoisha unafuta sababu nzima ya kushindwa kwake.

Mwisho tuna ombi kwa watengenezaji wa kwetu, ambao sasa wapo na wanajua kazi. Midway si ya lazima. Kundi hilo hilo la Nagumo, bila Kaga, liliingia Bahari ya Hindi Aprili 1942. Tarehe 5 liliipiga Colombo, katika kisiwa cha Sri Lanka, na kuzizamisha meli za Kiingereza Dorsetshire na Cornwall; tarehe 9 liliipiga Trincomalee, kisiwani humo humo, na kuizamisha Hermes, manowari ya Kiingereza ya kubeba ndege, karibu na Batticaloa. Kwa sababu ya siku hizo Admirali James Somerville wa Uingereza alizirudisha meli zake kongwe Kilindini, na wasomaji wa simu za siri wakahamishwa kutoka Colombo hadi Mombasa, wakafanya kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kwa mtoto wa Mombasa huo ndio mlango wa vita vile.

Kiufundi pia ni rahisi zaidi. Mkalisheni mtazamaji kwenye mzinga wa kutungulia ndege juu ya Hermes. Sitaha ni tambarare, inakwenda kwa maili ishirini na kitu kwa saa, haiinami digrii 70 wala haigeuki ghafla. Kinachosogea ni ndege zilizo juu. Kichefuchefu kinapungua kwa kiasi kikubwa, na hata miwani ya bei nafuu inaweza kuibeba picha. Sitaha ichorwe tupu kabisa: Hermes haikuwa na ndege hata moja siku ile, na waliokufa ndani yake ni 307. Mabaki yake yako kina cha mita 50 na ushei, wapiga mbizi huyafikia na kuyapiga picha, kwa hiyo mchoraji hana sababu ya kubuni umbo la mzinga wala la ngazi. Ndege zinazoshuka ziwe za Aichi, zile zenye magurudumu yasiyokunjwa. Mkiona zimekunja magurudumu juu ya Batticaloa, rudisheni programu kwa aliyewauzia.

Ni sisi wasomaji wenu,
Waandaaji wa vipindi vya uhalisia pepe,
Mombasa